UZI: Shakespeare alipoitwa mahakamani kama mshenga, akasema hakumbuki baba mkwe aliahidi kiasi gani (London, 1612)

Mto Ngerengere (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande. Mwenye swali aulize hapo hapo, asingoje nimalize.

Nianze na kilichonifanya niulete. Miaka sita iliyopita nilikuwa mshenga wa rafiki yangu. Mahari imeshapokewa, wazee wameanza kutoka nje kwenda kula, baba wa binti akanishika mkono akanirudisha sebuleni. Akaniambia: mwambie kijana wako asihangaike na kodi za watu, mimi nitawapa kiwanja. Nilitoka pale mbio kumpa mwenzangu habari. Ndoa ikafungwa, watoto wawili wamezaliwa, kiwanja hakijaonekana. Mwaka huu rafiki yangu amenijia na swali moja: "Kaka, mzee alisema kiwanja kipi, na lini?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Katika kuhangaika kutafuta kama kuna watu waliowahi kufikishana mahakamani kwa jambo la namna hii, nikakutana na kesi ya London ya mwaka 1612, Stephen Belott dhidi ya baba mkwe wake Christopher Mountjoy. Aliyetumwa kumshawishi kijana aoe alikuwa William Shakespeare. Huyo huyo ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili kwa Kiswahili.

Nimesoma kila nilichoweza kupata juu ya kesi hii, na nina neno moja la kusema kuhusu yule mshenga. Ila kwanza tuingie kwenye hiyo nyumba.

Mto Ngerengere (mleta mada)

KIPANDE CHA 1: NYUMBA YA SILVER STREET

Nyumba ilikuwa pembeni mwa mtaa, pale Silver Street inapokutana na Monkwell Street, eneo la Cripplegate, karibu na ukuta wa kaskazini wa jiji. Mwenye nyumba, Christopher Mountjoy, alikuwa Mhugenoti, yaani Mprotestanti kutoka Ufaransa. Wengi wa jamii yake walikimbilia London kwa sababu ya vita vya dini kwao. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mapambo ya kichwa ya mabibi wakubwa, yale ya nyuzi za dhahabu na fedha, waya, lulu na nywele. Ni kazi ya mikono myepesi na macho makali, na ililipa. Mke wake, Marie, naye alikuwa fundi hasa. Katika hesabu za Malkia Anne, mke wa Mfalme James wa Kwanza, jina la Marie limo miongoni mwa waliolipwa.

Walikuwa na mtoto mmoja, Mary. (Mama Marie, binti Mary. Tusichanganye.)

Stephen Belott naye alitoka familia ya Kifaransa. Baba yake wa kambo, Humphrey Fludd, alikuwa mpiga tarumbeta wa mfalme. Stephen aliingia nyumba ile kama mwanagenzi, yaani kijana anayefundishwa kazi huku akiishi kwa fundi, anakula kwake na kulala kwake kwa miaka kadhaa. Alipohitimu akasafiri kwenda Hispania, kisha akarudi kufanya kazi kwa bwana wake yule yule, sasa kwa mshahara.

Na katika nyumba hiyo hiyo kulikuwa na mpangaji wa chumba. Mtu wa makamo, mke na watoto wake wako mkoani Stratford, yeye yuko mjini kwa kazi za jukwaani.

Binti yumo ndani na fundi kijana yumo ndani. Mama mtu akawaangalia akaona hapa pana jambo jema.

Kijana wa Mbagala

Mkuu mleta mada, swali kabla hujaenda mbali. Umesema baba mkwe ndiye aliyeahidi fedha. Kwani kwao mahari inatoka kwa mwanamke?

Mto Ngerengere (mleta mada)

Swali zuri. Mahari kama tunavyoijua sisi hutoka upande wa mwanamume kwenda upande wa mwanamke. Kwao baba wa binti ndiye aliyetoa fungu, fedha na vyombo, na lilikwenda kwa mkwe ili vijana waanze maisha. Kwa hiyo kijana aliyepima posa alipima pia mfuko wa baba mkwe. Hapakuwa na aibu, na maskini na tajiri walifanya hivyo hivyo kila mmoja kwa kiasi chake. Na ilimaanisha kwamba fundi kijana asiye na mtaji aliliangalia fungu la mke kama ndilo duka lake la kwanza.

Ndiyo maana Stephen alisitasita. Wala simlaumu.

Mto Ngerengere (mleta mada)

KIPANDE CHA 2: MSHENGA ANATUMWA

Tunayajua haya kwa sababu watu waliapishwa miaka minane baadaye, na karani akayaandika.

Joan Johnson, aliyekuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ile, alisema kulikuwa na mapenzi ya wazi kati ya vijana wale wawili, na kwamba mwenye nyumba alimtuma mpangaji wao, Bwana Shakespeare, akamshawishi Stephen aoe. Shakespeare mwenyewe alisema aliyemwomba na kumsihi ni mama, Marie. Vyovyote vile, yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na kijana.

Rafiki wa familia, Daniel Nicholas, alieleza ujumbe ulivyokuwa: ukimwoa Mary, baba atatoa fungu la fedha, asipoolewa na wewe, binti huyu hatamgharimu baba yake hata sarafu ya peni nne. Akaongeza kwamba vijana wale waliunganishwa na Shakespeare mwenyewe, wakatamka ridhaa yao mbele yake. Kwa desturi ya wakati ule, kutamkiana ahadi ya ndoa mbele ya shahidi kulikuwa kifungo kizito. Kanisani walifuata kukamilisha. Kwa hiyo mtu huyu alibeba posa, alibeba ahadi ya fedha, na alishika mikono ya maarusi ikakutana.

Ndoa ilifungwa tarehe 19 Novemba 1604, kanisa la Mtakatifu Olave, hatua chache kutoka nyumbani.

Stephen alidai kwamba alichoahidiwa ni pauni 60 wakati wa ndoa, na pauni 200 nyingine zitakazoandikwa kwenye wosia wa Mountjoy. Ili mpate kipimo: mwalimu wa shule ya Stratford alilipwa pauni 20 kwa mwaka. Pauni 60 ni mshahara wake wa miaka mitatu.

Hapakuandikwa kitu.

Dada wa Pangani

Ngerengere, hapo "hapakuandikwa kitu" nimesikia mpaka tumboni. Endelea kaka.

Mto Ngerengere (mleta mada)

KIPANDE CHA 3: VYOMBO

Maarusi walikaa kwa wazee kwa muda, kisha wakahama wakaenda kupanga kwa mtu aitwaye George Wilkins, mwenye nyumba ya kulisha na kulaza wageni, ambaye pia aliandika tamthilia. Oktoba 1606 mama Marie akafariki. Stephen na Mary wakarudi Silver Street kusaidiana kazi na mzee. Haikudumu. Wakagombana kwa ajili ya fedha, wakaondoka kabisa.

Nadhani huyu mama ndiye aliyekuwa nguzo. Yeye ndiye aliyeitaka ndoa na yeye ndiye aliyemsihi mshenga. Alipoondoka duniani, ahadi ilibaki mikononi mwa mtu ambaye huenda tangu mwanzo haikumkaa moyoni.

Badala ya fedha, Mountjoy alikuwa amewapa vyombo, na orodha yake imo katika majalada ya kesi. Naomba msome taratibu. Godoro kuukuu la manyoya ya ndege. Mito mirefu miwili. Tandiko jembamba la kijani. Mablanketi mawili ya kawaida. Jozi mbili za shuka. Leso za mezani dazeni moja, za kitambaa cha kukwaruza. Vitambaa viwili vya meza, vifupi. Taulo sita, fupi. Meza kuukuu. Vigoda viwili vikuukuu. Kabati moja. Gurudumu la mbao la kusokotea nyuzi. Mikasi midogo miwili. Masanduku makuukuu. Kisanduku cha kuwekea nyuzi.

Mnaona maneno yanavyojirudia? Kuukuu, fupi, jembamba. Aliyeiandaa orodha hii alitaka hakimu auguse umaskini wa kila kitu kwa mkono wake. Lakini mimi kilichonishika ni vitu vitatu vya mwisho-mwisho: gurudumu, mikasi, kisanduku cha nyuzi. Ni zana za kazi. Katika rundo lile la matambara mzee aliwapa pia uwezo wa kujitafutia riziki kwa ufundi ule ule aliomfundisha kijana. Sijui kama ilikuwa huruma au alikuwa anaondoa takataka dukani, ila zimo.

Wilkins aliulizwa vyombo vile vina thamani gani. Akajibu kwamba kama angetakiwa kuvinunua, asingetoa zaidi ya pauni 5.

Kijana wa Mbagala

Kutoka 60 mpaka 5. Na godoro kuukuu juu. Huyo mzee hapana.

Wakili Chipukizi

Naomba kuongeza ya kisheria kidogo, maana nimewahi kuisoma kesi hii.

Stephen alifungua madai Januari 1612 katika Mahakama ya Maombi, iliyokaa pale Westminster. Ilijulikana kama mahakama ya watu wa hali ya chini: gharama nafuu, hakuna baraza la wazee kumi na wawili wa kuamua, inaangalia haki na dhamiri kuliko fomu. Mahakama za kawaida za Uingereza zilikuwa na mtego mmoja mkubwa kwa madai ya deni lisiloandikwa: mdaiwa aliweza kuapa kwamba hadaiwi, akaleta watu 11 wa kuapa pamoja naye kwamba wanamwamini, kesi ikaishia hapo. Mwaka 1602 uamuzi mashuhuri katika kesi ya Slade uliwapa wadai njia ya kuukwepa mtego huo, kwa kudai fidia ya ahadi iliyovunjwa. Kwa hiyo kizazi cha Stephen ndicho kilichoanza kuona kwamba neno la mdomo lina meno.

Lakini neno la mdomo linahitaji masikio yaliyolisikia. Katika mahakama ile mashahidi hawakusimama mbele ya hakimu kuhojiwa na mawakili. Maswali yaliandaliwa kwa maandishi, mtahini wa mahakama anamsomea shahidi moja moja, karani anaandika majibu kwa nafsi ya tatu: "shahidi huyu anasema kwamba…" Hivyo ile sauti tunayoisikia ni ya shahidi iliyopita katika kalamu ya karani.

Nampa nafasi mleta mada amlete shahidi wake.

Mto Ngerengere (mleta mada)

KIPANDE CHA 4: TAREHE 11 MEI 1612

Asante wakili. Umenirahisishia.

Siku hiyo waliulizwa watu watatu: Joan Johnson, Daniel Nicholas, na "William Shakespeare wa Stratford upon Avon, mkoa wa Warwick, mwungwana, umri miaka 48 au karibu na hapo". Maswali yalikuwa matano.

La kwanza, unawajua wadaawa? Anasema anawajua, kwa miaka kumi hivi.

La pili, Stephen alipokuwa akimtumikia Mountjoy mwenendo wake ulikuwaje? Anasema alikuwa mtumishi mwema na mwenye bidii sana, japo hakumsikia Mountjoy akisema kwamba amepata faida kubwa kutokana naye.

La tatu, Mountjoy alimpenda? Anasema ndiyo, alimwonyesha nia njema na mapenzi makubwa, na mara nyingi amewasikia mume na mke wakimsifu kijana huyo. Mama alimsihi yeye shahidi amshawishi Stephen, naye akafanya hivyo.

Mpaka hapo Stephen, kama alikuwa anasikiliza, moyo wake lazima ulikuwa umetulia. Shahidi anamjengea ukuta wa mawe.

La nne. Aliahidiwa kiasi gani?

Anasema Mountjoy aliahidi kumpa Stephen fungu la fedha pamoja na Mary. Lakini ni kiasi gani hasa, hakumbuki. Wala lini lilipwe. Wala hajui kama Mountjoy aliahidi pauni 200 wakati wa kufa kwake.

La tano, vyombo gani vilitolewa? Hajui.

Kisha akatia sahihi. Aliliandika jina lake la kwanza, na la ukoo akalikata njiani, herufi chache tu halafu kifupisho. Zimebaki duniani sahihi sita tu ambazo wengi wanakubali ni za mkono wake, na hii ni mojawapo.

Sasa neno langu. Naamini mshenga huyu aliwaangusha vijana wale. Mtu anayepeleka ujumbe wa fedha hana haki ya kukumbuka kila kitu ila fedha. Na huyu hakuwa mtu wa kupuuza hesabu. Mwaka 1604, mwaka ule ule wa ndoa, alimshtaki jirani wa Stratford, Philip Rogers, kwa shilingi 35 na peni 10 za kimea na mkopo mdogo. Mwaka 1608 akamshtaki John Addenbrooke kwa pauni 6, akamfuatilia mpaka kwa mdhamini wake. Peni 10 za Rogers alizishika. Pauni 60 za Stephen zikamponyoka.

Wakili Chipukizi

Hapo nakupinga, ndugu yangu, na nakupinga kwa moyo wote.

Rogers na Addenbrooke yalikuwa madeni yake mwenyewe, na deni lako lina kumbukumbu. Ya Stephen yalikuwa maneno ya nyumba ya watu, yaliyosemwa miaka minane nyuma, na huenda kiasi chenyewe hakikuwahi kutajwa waziwazi. Hebu fikiria: mama anakuambia "mzee atawapa kitu kizuri, sitini hivi, hamsini hivi." Unaapa kwa Mungu kwamba ni 60? Kiapo wakati ule hakikuwa mapambo, watu waliogopa kuungua. Shahidi anayesema "sikumbuki" kwa jambo asilolikumbuka ametimiza wajibu wake. Anayetaja namba ili kumfurahisha rafiki ndiye anayeharibu mahakama.

Na angalia: alikubali kwamba ahadi ilikuwepo. Mountjoy alikanusha pauni 60 na pauni 200. Shakespeare, aliyekuwa mpangaji wake, alisema kwa kiapo kwamba fungu liliahidiwa. Hilo si dogo.

Mto Ngerengere (mleta mada)

Wakili, nimekusoma. Lakini kuna Daniel Nicholas. Yeye alieleza kwamba Stephen alimwomba aende na mkewe kwa Shakespeare wakaujue ukweli, ni kiasi gani na kitu gani kiliahidiwa. Wakaenda. Shakespeare akawajibu kwamba ni pauni 50 hivi za fedha, pamoja na vyombo vya nyumbani.

Kwa hiyo nje ya mahakama alikuwa na namba. Mbele ya mtahini hakuwa nayo. Na alitakiwa kwa raundi ya pili, Juni mwaka huo huo. Jina lake limeandikwa pembeni ya karatasi ya maswali. Ushahidi wake wa raundi hiyo haupo.

Wakili Chipukizi

"Hivi" ndilo neno. Pauni hamsini HIVI. Sebuleni "hivi" inapita. Kwenye kiapo haipiti. Na kumbuka Stephen alidai 60. Kama Shakespeare angesema 50, mawakili wa Mountjoy wangeuliza: mdai anasema 60, shahidi wake anasema 50, nani mwongo? Huenda kunyamaza kwake kulimsaidia Stephen kuliko unavyodhani.

Dada wa Pangani

Wanaume wa uzi huu, samahani. Mmerudi nyuma mno kwenye namba. Rudini kwenye ile sentensi: Daniel alikwenda "na mkewe" kwa Shakespeare. Mke wa nani? Wa Daniel au wa Stephen?

Mto Ngerengere (mleta mada)

Dada, umeshika mahali penyewe. Maneno ya karani yanaruhusu yote mawili, ila wengi waliochambua kesi hii wanalisoma kuwa ni Mary, mke wa Stephen.

Dada wa Pangani

Na mimi nalisoma hivyo. Basi hebu mtazameni. Binti wa nyumba anakwenda kwa mtu aliyekuwa mpangaji wao, mtu aliyemwunganisha na mume wake, kumwuliza: baba yangu alisema nina thamani gani? Na anajibiwa "hamsini hivi". Baba yake yu hai, mtaa si mbali, na yeye anapita kwa mtu wa nje kutafuta neno la baba yake. Mahakamani aliitwa mtumishi wa ndani, akaitwa mwenye nyumba ya wageni, akaitwa ndugu wa mzee, Noel. Mary ameulizwa nini?

Mto Ngerengere (mleta mada)

Hakuna ushahidi wake katika majalada. Fedha iliyodaiwa kwa ajili yake, kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, ingekuwa mali ya mume.

Dada wa Pangani

Basi mimi nimeshapata kesi yangu humo. Nyie endeleeni na ya kwenu.

Karani Mkongwe

Nimekuwa nikiusoma uzi kimya. Nimefanya kazi ya masjala miaka mingi, kwa hiyo naomba niwaambie jinsi karatasi hizi zilivyopatikana, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1909 mume na mke kutoka Marekani, Charles William Wallace wa Chuo Kikuu cha Nebraska na mkewe Hulda, walikuwa wakichambua majalada katika Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, London. Karatasi za Mahakama ya Maombi zilikuwa mafungu kwa mafungu, hazina faharasa, zimejaa vumbi, hati za karani ni za mkono wa haraka ambao msomaji wa leo anahitaji miezi kuuzoea. Walifungua moja moja. Wakakuta jalada la Belott na Mountjoy, na ndani yake sahihi ile. Mwaka 1910 wakauchapisha ugunduzi wao.

Jalada lile lililala miaka karibu 300. Ndilo mahali pekee tunapoyasikia maneno ya Shakespeare yaliyonakiliwa kutoka kinywani mwake akijibu swali aliloulizwa. Halikuhifadhiwa kwa heshima yake. Lilihifadhiwa kwa sababu karani fulani alilifunga kamba na kulirudisha rafu ambayo ni yake, na aliyekuja baada yake hakulitupa.

Kijana wa Mbagala

Shikamoo mzee Karani. Hii ya kamba nimeipenda.

Mleta mada, hukumu basi! Stephen alilipwa?

Mto Ngerengere (mleta mada)

KIPANDE CHA 5: WAZEE WA KANISA

Tarehe 30 Juni 1612 mahakama haikuamua. Ililipeleka shauri kwa wazee wa Kanisa la Kifaransa la London, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa jamii hiyo. Hili lisiwashangaze, hata kwetu mgogoro wa mkwe na mkwe mara nyingi huambiwa urudi nyumbani kwanza.

Wazee wakaamua Stephen apewe noble 20. Noble moja ni shilingi 6 na peni 8, kwa hiyo jumla ni pauni 6, shilingi 13 na peni 4. Pigeni hesabu: ni sehemu moja ya tisa ya zile 60. Na katika kitabu chao wakaandika kwamba baba mkwe na mkwe, wote wawili, ni watu wa maisha ya ovyo.

Mwaka mmoja ukapita. Mountjoy hajalipa. Shahidi mmoja wa kesi alikuwa ameshasema kwamba alimsikia mzee akiapa ni heri aozee gerezani kuliko kuwapa kitu zaidi ya alichokwishawapa. Inaonekana alimaanisha. Baadaye kanisa likamsimamisha kwa mwenendo wake, ikiwemo kuzaa na mtumishi wake. Alikufa mwaka 1620.

Wakili Chipukizi

Niongeze la mwisho kwa upande wangu. Miaka 65 baada ya kesi hii, mwaka 1677, Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuzuia udanganyifu na viapo vya uongo. Ilitaja aina za ahadi ambazo mahakama haitazisikiliza kama hazipo kwenye maandishi yaliyotiwa sahihi. Mojawapo ni ahadi iliyotolewa kwa ajili ya ndoa. Kesi za akina Stephen zilikuwa nyingi mno.

Kwa aliye Tanzania: Sheria yetu ya Mikataba imefuata ile ya India ya mwaka 1872, na mkataba wa mdomo haukataliwi kwa sababu tu ni wa mdomo. Lakini masuala ya ardhi yana masharti yake ya maandishi. Mleta mada, kuhusu kile kiwanja cha rafiki yako nenda kwa wakili ukiwa na mashahidi, usiende na hasira.

Karani Mkongwe

Na mtu asisahau alichofanya Shakespeare mwenyewe ilipofika zamu yake ya kuwa baba mkwe. Binti yake Judith aliolewa na Thomas Quiney Februari 1616. Machi 25 mzee akausaini wosia uliorekebishwa. Mahali palipoandikwa "mkwe wangu" pamekatwa, likaandikwa jina la Judith. Pauni 100 ni fungu lake la ndoa. Pauni 50 zaidi akiachia haki yake katika nyumba ndogo ya Chapel Lane. Pauni 150 nyingine kama yeye au mtoto wake atakuwa hai miaka mitatu ikipita, na mume asiiguse fedha yenyewe mpaka ampe mkewe ardhi yenye thamani hiyo hiyo. Kiasi, muda, sharti, kila kitu kwa wino. Mwezi uliofuata akafa.

Dada wa Pangani

Kiasi gani na lini. Yale mawili aliyosema hayakumbuki.

Mto Ngerengere (mleta mada)

Wakuu, nawashukuru wote. Mzee Karani, hilo la wosia nimelirudia mara tatu.

Jana usiku, baada ya ushauri wa wakili, nilikaa mezani na karatasi niandike nilichokisikia kwa yule mzee siku ile. Tarehe niliikumbuka. Kochi alilokaa, la kahawia, limechanika mkononi, nalikumbuka. Mama alikuwa jikoni, redio inasoma vifo. Nikaandika: "Alisema atawapa kiwanja baada ya…"

Kalamu ikasimama. Baada ya mavuno, au baada ya kuuza shamba la Mvomero? Na alisema kiwanja, au alisema sehemu ya kiwanja? Nimekaa mpaka saa nane za usiku. Miaka sita tu.

Wakili, kuhusu Shakespeare narudisha nusu ya maneno yangu. Ile nusu nyingine, ya kutotokea Juni, bado namdai.

Leo jioni nakwenda kwa rafiki yangu na karatasi ilivyo, na pengo lake.